Uliondoka Tukiongoza

Kibeta, Alhamisi, jua likiwa bado juu

Laurenti, mzembe wewe,

Tuliwafunga Machungwa mabao manne. Manne, nakuambia! Yule mshambuliaji wetu mwenye miguu ya korongo alifunga mawili peke yake. La tatu beki wao alijifunga mwenyewe kwa woga. La nne sikuliona vizuri kwa sababu watu walikuwa wameninyanyua juu juu. Mabula alilia. Banda lake zima la televisheni lilimwona akijifuta macho kwa gunia la dagaa. Na mimi nilisimama juu ya benchi nikahutubia, sikutetemeka hata ukucha.

Ngoja nipumue kidogo.

Ni uongo, Laurenti. Uongo wote, hata hayo mawili ya korongo, maana siku ile alicheza kama ng'ombe kwenye utelezi. Wao ndio waliotufunga. Matano. Walitupiga mkono mzima, na kile kidole gumba kiliingia dakika za mwisho, kipa wetu kachuchumaa anafunga kamba za kiatu.

Haya, nimesema. Nimetazama mlangoni, hakuna aliyeingia.

Wewe uliondoka tukiongoza, moja bila. Kwa hiyo siku ya mazishi wenzako walikubaliana kwamba matokeo yasitamkwe ndani ya kibanja chako. Hoja ilitolewa na Mwalimu Kaijage. Unamjua, kastaafu kufundisha lakini kuelekeza hajastaafu. Alisimama kati ya migomba yako kule Kimwani, udongo wako bado mbichi, akasema, "Marehemu ameondoka na furaha yake. Anayetaka kutaja hayo mengine, atoke kwanza mpaka barabarani." Hata Mabula, mtu wa Machungwa tangu tumboni mwa mama yake, aliitikia kwa kichwa.

Basi ungeona matanga yako! Wanaume wamekaa kwenye nyasi, nyuso zimeanguka, rozari zinakwenda. Mara mmoja ananyanyuka polepole, anatoka. Mwingine anamfuata. Wanafika barabarani, unasikia, "Beki gani yule? Beki gani?" Wakimaliza kutukanana wanarudi kulia. Mkeo Ma Paskazia aliwahesabu wanavyotoka na kuingia, akamwambia dada yake, "Yale maharage hayakuiva. Tumewaharibu watu matumbo."

Sasa mimi nimewazidi akili wote. Walikataza kutamka. Habari ya kuandika hakuna aliyeigusia. Mtu aliyetoroka shule darasa la nne kamshinda mwalimu mstaafu! Jumamosi nakuja Kimwani kumletea mkeo sabuni na chumvi, na karatasi hii nitaisukuma chini ya majani makavu pale kichwani pako. Halafu nitaondoka kinyumenyume. Sitakupa mgongo, kwa sababu naogopa.

Ndiyo, naogopa, rafiki yangu. Usinicheke kwanza.

Nikueleze kuanzia pale ulipoachia. Tulikuwa bandani kwa Mabula, kwenye benchi letu, lile la mguu mmoja mfupi ambalo tukikaa wawili linatulia na akibaki mmoja linainama. Wewe upande wa nguzo, mimi upande wa njia. Bao letu uliliona. Ulipiga kelele mpaka kofia yako ya zambarau ikamwangukia Mwalimu Kaijage shingoni. Filimbi ya mapumziko ikalia. Ukasema maneno yako yaleyale ya miaka yote: "Nenda wewe, Mtoro. Mwakani nitakwenda mimi." Nikakutukana kama kawaida yetu, nikatoka kwenda kwa yule bibi wa nje kutuletea kahawa ya kutafuna.

Niliporudi ulikuwa umeegemea nguzo, kofia imekufunika macho. Nikasema, mzee kasinzia, bao moja tu limemchosha. Punje zako nikakuwekea kiganjani, nikafunga vidole vyako, nikakaa.

Wakasawazisha. Nikasema nikuamshe? Nikaona la, utaamka na kelele zako. Wakaongeza la pili. Lilipoingia la tatu nikakutazama nikasema moyoni, huyu Mungu kampenda, bora alale hivyohivyo. La nne nilikuonea wivu. La tano, Laurenti, nilikuegemea. Niliweka bega langu kwenye bega lako, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukaa peke yangu, nikatafuna kahawa yangu mpaka ikaisha.

Halafu nikakutikisa nikasema, "Amka twende nyumbani, tumekufa."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kahawa ikamwagika kutoka kiganjani mwako. Punje zote. Hukuwa umetafuna hata moja.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hukuumia, na kwa jinsi mwili ulivyokuwa, huenda ni palepale wakati wa mapumziko. Watu wakanipa pole kwa kufiwa. Hakuna aliyenipa pole kwa kukaa na maiti kipindi kizima cha pili nikiionea wivu.

Kufa si habari mpya kwa watu wa umri wetu, hilo hatukufichana. Kila tukienda kumzika mtu ulikuwa ukinipima kwa macho ukisema, "Wewe sanduku lako fundi atatumia ubao mmoja tu." Lakini mimi nilidhani kifo kina kishindo. Nilidhani kinabisha hodi, kinaanza na homa, padri anaitwa, watoto wanafika kutoka mjini na suti zao. Kumbe kinaweza kuja kikakaa kwenye benchi, na mwenzio yuko hapo anatafuna kahawa, hajui! Hicho ndicho kinachoniogopesha. Hakikupiga hata chafya.

Tangu siku hiyo sivai kofia. Siegemei ukuta. Mchana silali. Nikikaa peke yangu kwenye kiti nazungumza kwa sauti ili watu wasikie kwamba nipo. Mke wa mwanangu anasema baba mkwe ameanza kuchanganyikiwa. Juzi nilikuwa nahesabu majina ya watakatifu kwa sauti kubwa, nikaishiwa, nikaanza kutaja kikosi chetu cha zamani. Akaja na uji akanitazama kwa huruma.

Na kuna ile kahawa nyingine ya ujana wetu, wewe unaijua. Tulipofanya undugu wa damu, omukago, nyuma ya nyumba ya babu yako, tukachanjana tumboni, tukaigawa punje moja, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Uliguna ukasema damu yangu ina ladha ya chikichi. Hadithi hiyo uliisimulia bandani mara ngapi? Basi Mabula hakuisahau. Siku niliyorudi kutoka matanga, kaniona tu mlangoni akapaza sauti, "Ta Kristofa! Nyie si mlikula punje moja? Nusu yake imeshaitwa, waitu, ndugu yetu, hii nyingine inangoja nini?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nikamwambia nusu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Nilipofika nyumbani nilijifunua shati nikatazama lile kovu dogo la tumboni kama mtu anayetazama saa.

Turudi kwenye mpira, maana najua ndio unaoutaka.

Baada ya ule mkono tuliopigwa, timu imelegea. Bado tuko juu, lakini Machungwa wanatukanyaga visigino. Pale bandani ni ubishi kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mwalimu Kaijage anachora uwanja mzima mavumbini kwa kijiti, vifuniko vya soda ndio wachezaji.

"Tatizo ni kiungo," anasema. "Huyu wa katikati anacheza kama amevaa koti la mvua. Mpira unampita, yeye anautakia safari njema."

"Mwalimu," Mabula anamjibu, "timu yenu haina mabeki. Ina wasindikizaji. Tulipowafunga lile la tatu, beki wenu alitufungulia mpaka geti."

"Wewe Mabula umekuja hapa na dagaa kutoka visiwani. Mpira umeujulia wapi?"

"Nimeujulia Jumapili ile! Mlinifundisha nyinyi, mara tano."

Ndipo akasimama yule mama wa Rubafu, Ma Yustina, anayekuja na kikapu chake cha parachichi na kushangilia kuliko wanaume. Alisema, "Mnapoteza muda na vifuniko. Timu haikuharibika uwanjani. Imeharibikia humu ndani. Wale wazee wawili walipokuwa wanakaa pale, hatukufungwa ovyo. Ta Laurenti kaondoka tukiongoza. Alipoondoka yeye, na mabao yakaingia. Nani hakuona?"

Macho yote yakaja kwangu.

Nilitegemea Mwalimu Kaijage awacheke. Mtu aliyefundisha sayansi! Akainamisha kichwa, akasogeza kifuniko kimoja cha soda, akasema, "Kitaalamu siwezi kulithibitisha. Lakini pia siwezi kulikanusha."

Wakaamua. Mimi nikae palepale, upande wangu, na upande wako uachwe wazi. Mabula mwenyewe, mpinzani, akaleta kitambaa cha zambarau akakifunga kwenye nguzo yako. Nikamuuliza kwa nini anatusaidia. Akasema, "Nilikuwa namcheka mzee yule kila wiki. Sasa sina wa kumcheka aliye mkaidi kama yeye." Kisha akageuka haraka kuwafokea watu waliokuwa wanagusa nyaya zake.

Basi Jumapili iliyopita nikaenda. Tulicheza na kile kitimu cha mkiani, ambacho hata mimi na goti langu ningekifunga. Kipindi cha kwanza nilivumilia. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Tukapata bao, nikashangilia nikiwa nimekaa. Filimbi ya mapumziko ikalia.

Watu wote wakatoka. Wengine kukojoa, wengine kubishana. Nami kwa mazoea nikanyanyuka niende kwa bibi wa kahawa, nikakumbuka, nikakaa tena. Nikabaki peke yangu, na ile nafasi, na kile kitambaa.

Sasa sikiliza, na kama ni wewe uliyefanya hivyo, Mungu anakuona. Nilikuwa nimekaa upande wangu, benchi limeinama kwangu kama kawaida yake akikaa mmoja. Nimetulia kabisa. Halafu likarudi. Taratibu. Upande wako ukashuka, upande wangu ukapanda, mpaka likawa sawa. Kama mtu aliyekaa.

Laurenti, nilitoka mbio. Mimi, mwenye goti! Niliruka ndoo ya maji, nikampita Ma Yustina na parachichi zake, nikaingia kwenye migomba ya jirani nikachuchumaa nyuma ya mgomba mmoja mwembamba usioweza kumficha hata kuku. Suruali ilinusurika kidogo tu. Nilisikia Mabula akiita kutoka mlangoni, "Ta Kristofa, vipi? Ta Laurenti kakuomba kiberiti?"

Baadaye walisema ni ardhi ya pale, mvua imeilowesha, mguu wa benchi ukazama. Mwalimu Kaijage alipiga magoti akaupima kwa rula. Labda. Mimi sikurudi kuangalia. Nilikaa migombani mpaka niliposikia banda limekuwa kimya, na nilijua kimya kile ni cha nini. Tulikuwa tumesawazishiwa. Tukatoka sare na timu ya mkiani!

Ma Yustina alinikuta njiani. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Baba, umekimbia na ubingwa wetu mfukoni."

Sasa Jumapili hii ndiyo mechi ya mwisho. Tukishinda, kombe ni letu. Tukitoka sare au tukifungwa, Machungwa wanalichukua, na Mabula ameshaagiza ngoma. Kombe, Laurenti! Lile ulilokuwa ukisema, "Mwakani," mwaka baada ya mwaka, mpaka mkeo akawa anakuita Bwana Mwakani. Bado mechi moja tu, nawe umekwenda kulala kwenye migomba.

Na nusu ya Kibeta inaamini kwamba kombe hilo liko kwenye makalio yangu. Jumanne Mwalimu Kaijage alikuja nyumbani, kavaa koti. Alinieleza mbinu zote, nani amkabe nani, kona zipigwe vipi, kana kwamba mimi ndiye kocha. Alipomaliza alikunja karatasi yake akasema kwa sauti ya chini, "Hayo ndiyo ya kitaalamu. Lakini wewe, waitu, kaa tu mpaka mwisho."

Nilimwambia nina homa. Nilimwambia nina safari. Nilimwambia padri kanikataza. Alitikisa kichwa kwa kila moja kama anavyosahihisha mtihani.

Ninachokiogopa sikumwambia. Mpira hauniogopeshi, nimekwisha kufungwa mara nyingi, nimezoea. Naogopa zile dakika za mapumziko. Naogopa nikikaa pale kimya, kile kilichokuja kwako bila chafya kitaikumbuka njia yake, kitaona nafasi ileile, benchi lilelile, na nusu nyingine ya punje imekaa inangoja. Naogopa watu watarudi, mtu ataniwekea kahawa kiganjani, na mpira utaendelea.

Jana Ma Paskazia alikuja mjini kwa dada yake, akapita kunisalimia. Nilijua ameshapewa habari zangu, maana alinitazama miguuni kwanza. Aliuliza tena lile alilouliza siku ya mazishi: "Shemeji, alilalamika?" Nikamwambia hapana. "Alikuwa anacheka?" Nikamwambia alikuwa anacheka, ananituma kahawa. Halafu akasema, "Basi sielewi. Aliyekufa hakukimbia. Wewe uliye hai unakimbia nini?"

Unajua alivyo mkeo. Anasema neno kama anavyomenya ndizi, kisu kinapita mara moja tu.

Alipoondoka aliniachia kofia yako. Ile ya zambarau. Alisema ameichoka kuiona msumarini, na kwamba ukumbini kwake hakuna ligi. Ipo hapa mezani ninapoandika. Nimeigeuza isinitazame.

Nimekaa nayo tangu asubuhi, na nimeamua. Nitakwenda. Si kwa ajili ya Ma Yustina, wala kile kijiti cha Mwalimu. Nitakwenda kwa sababu ulikaa pale miaka yote ukingoja mwakani, na mwakani ikija ikute benchi zima liko tupu, itakuwa aibu. Lazima mmoja wetu awepo. Nitavaa shati langu lenye kola. Nitakaa upande wangu, mgongo wima, kofia yako mapajani, hata wakitufunga kumi. Mtoro hatatoroka. Na filimbi ya mwisho ikilia nitakuja Kimwani kukuandikia matokeo, ya kweli tangu mstari wa kwanza, hata kama yatanichoma mkono.

Lakini kuna kitu changu kwako, na leo nakidai.

Miaka yote ile, kila mapumziko, nani alitoka? Mvua ilinyesha, nilitoka mimi. Goti limevimba, nilitoka mimi. Siku ile bibi wa kahawa alipohamia ng'ambo ya barabara, nilivuka mimi. Wewe hukunyanyua tako lako hata mara moja. Ulisema mwakani. Na maneno yako ya mwisho hapa duniani, badala ya kumtaja Mungu kama mtu mwenye adabu, ulirudia ahadi hiyohiyo.

Basi mwakani ndiyo hii, Laurenti. Jumapili, filimbi ya mapumziko ikilia, usikae na mimi pale. Nyanyuka. Toka na watu, mwendee yule bibi, mwulize habari za miguu yake, ngoja mpaka afunge kahawa vizuri kwenye jani, piga naye soga kama nilivyokuwa nikipiga mimi. Usiharakishe kurudi. Hata ukikawia, hata usiporudi mpaka mechi iishe, sitakulaumu. Nafasi yako itakuwepo, nitaweka mkono juu yake.

Kipindi hicho kifupi tu, ndugu yangu wa damu. Safari hii mimi nabaki.

Nenda wewe.

Kristofa